Bagamoyo na Simu Iliyopungukiwa Herufi

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na umejaliwa kupata Jumapili moja isiyo na harusi wala msiba, wachukue watoto mwende Bagamoyo. Si mbali. Basi huondoka Makumbusho, hupita Mwenge, Tegeta na Bunju, huvuka mto Mpiji, na hapo mnakuwa mmekwisha kuingia Mkoa wa Pwani. Kisha hufuata Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, minazi na mikorosho huku na huku. Njia nzima ni kama kilomita 70 hivi, nayo ni ya lami. Bahari iko kuliani kwenu. Hamtaiona, lakini upepo wake mtausikia.

Mwaka 1976, nilipopita njia hiyo kwa mara ya kwanza, mambo hayakuwa hivyo. Ilikuwa masika. Basi letu lilikwama mara mbili katika tope, abiria tukateremka kusukuma, na sisi tuliotoka mjini alfajiri tulifika Bagamoyo jua likiwa utosini. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kuomba radhi kwa ajili ya herufi moja ya alfabeti, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukusimulia leo. Lakini kwanza na tuutembelee mji wenyewe, kwani mtu asiyeujua mji huo hataona kwa nini kosa la mtu wa simu lilinielemea kiasi kile.

Mwezi uliopita nilikwenda tena, safari hii nikifuatana na mjukuu wangu aliye darasa la sita. Tuliitazama Ngome Kongwe, tukaliona Boma la Wajerumani, tukafika Misheni ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868. Kisha tukarudi katika mitaa ya mji wa kale, yenye nyumba za mawe na vibaraza, mpaka penye jengo lililokuwa posta wakati wa Wajerumani. Mlango wake ni wa nakshi, nao ungefaa nyumba ya tajiri. Mjukuu wangu aliutazama, kisha akaniuliza: "Babu, watu walikuwa wakiingia humu kufanya nini?" Swali hilo lilinikalisha chini.

Watu walikuwa wakiingia kuuliza habari za walio mbali. Na Bagamoyo ni mji ulioishi kwa habari za walio mbali. Misafara ya Tabora na Ujiji ilianzia hapo na kuishia hapo. Mpagazi akiisha kumuaga mkewe, mke hakusikia neno kwa miezi mingi, pengine kwa miaka, mpaka msafara mwingine urudi. Neno lilisafiri kwa miguu ya mtu. Aliyelipokea alimtazama usoni aliyelileta, akamuuliza mara ya pili na ya tatu, akapima mwenyewe kama ni la kuaminika.

Wazee wetu waliijua sana thamani ya ujumbe wa kuaminika. Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake wangaliweza kumzika palepale na kuja pwani na maneno matupu. Abdullah Susi na James Chuma, waliouongoza msafara ule, hawakukubali. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, na Jacob Wainwright, ambaye alijua kusoma na kuandika, akaorodhesha mali ya marehemu. Kisha wakaubeba pamoja na daftari zake kwa muda wa miezi tisa hivi, mpaka wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mwili huo ulizikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Hakutokea mtu wa kusema kwamba watu wale walibahatisha.

Miaka 15 baadaye, tarehe 4 Desemba 1889, Stanley aliwasili Bagamoyo pamoja na Emin Pasha aliyetoka naye bara. Usiku uleule, karamuni, Emin alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwa. Habari ya furaha na habari ya msiba, zote mbili, zilipaswa kuvuka bahari kwa chombo hadi Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko ulikokuwa waya wa simu wa chini ya bahari, uliofika kutoka Aden mwaka 1879. Bagamoyo haukuwako. Mwaka uliofuata, 1890, waya mwingine ulilazwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Tangu hapo neno liliweza kuvuka mkondo ule bila ya kubebwa na mtu. Lilikwenda upesi kuliko jahazi lolote. Lakini lilifika bila ya uso wa kutazamwa wala mdomo wa kuulizwa. Kazi ya kuulizwa ikawa ya watu wa simu.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliingia kazini mwaka 1974, nikiwa kijana wa miaka 20, katika ofisi moja mjini Dar es Salaam. Chumba chetu kilikuwa na teleprinta zilizopangwa safu mbili. Kama hukupata kuiona teleprinta, fikiri taipureta nzito ya chuma inayojiandikia yenyewe, kana kwamba jini ameketi mbele yake. Mwenzetu wa Mwanza akibonyeza herufi, herufi ileile ilijichapa Dar es Salaam papo hapo. Zilipofanya kazi zote pamoja sakafu ilitetemeka, nasi tulisemezana kwa ishara. Chumba kilinuka mafuta ya mashine, wino na karatasi yenye joto. Ilikuwapo na kengele: mwenzako wa mbali akiwa na jambo la haraka aliipiga kutoka huko aliko, nawe ukaruka kitini kwako. Miaka mingi baada ya kuacha kazi hiyo, nikisikia kengele ya baiskeli usiku huamka.

Siri ya mashine hiyo ni hesabu ndogo sana. Kila herufi ilisafiri katika waya kwa mapigo matano, na kila pigo ama lilikuwapo ama halikuwapo. Ukipanga kuwapo na kutokuwapo katika nafasi tano unapata mipango 32, inayotosha alfabeti nzima na alama za kuiamuru mashine. Herufi E ni pigo la kwanza peke yake. Herufi S ni pigo la kwanza na la tatu. Pigo la tatu peke yake si herufi. Ni nafasi tupu iliyo baina ya neno na neno. Tafadhali yashike haya mawili, S na nafasi tupu, kwani hapo ndipo nilipoanguka.

Kazi ilipokuwa nyingi hatukuandika moja kwa moja katika waya. Tulitoboa kwanza utepe wa karatasi, kila herufi kwa safu yake ya matundu, kisha tukaupitisha utepe huo katika mashine nyingine iliyousoma na kuutuma kwa mwendo wa maneno 66 kwa dakika bila ya kuchoka. Ukikosea kutoboa, tundu halizibiki. Dawa yake ilikuwa kuurudisha utepe nyuma na kuyatoboa yote matano, maana mashine ya upande wa pili ikiyakuta matano pamoja hupita bila ya kuandika kitu. Vijana tulilipenda sana jambo hilo. Tulidhani kila kosa lina matundu yake matano.

Miji midogo haikuwa na teleprinta. Simu ya maandishi ya kwenda Bagamoyo ilifika kwanza kwetu, nasi tukaisoma kwa simu ya mdomo. Karani wa huko akaiandika kwa mkono, na tarishi akapanda baiskeli. Kwa kuwa sauti ilififia mara kwa mara, tulizitaja herufi kwa majina ya miji: M ya Mwanza, N ya Njombe, G ya Geita. Ukutani mlikuwa na amri moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu: mahali pasiposomeka, usibahatishe, omba urudiwe.

Sasa sikiliza. Alhamisi moja ya Aprili 1976, mvua ikinyesha tangu usiku, laini ya Mwanza ilikuwa mbovu. Herufi zilikuja zikiruka. Jioni ilikaribia, zamu yangu ilikuwa inakwisha, na simu zilizongoja zilikuwa rundo zima. Ndipo ikaja moja ya maneno matatu na jina la mtumaji, ya kwenda kijiji cha Kaole, karibu na Bagamoyo. Ilijichapa hivi: SAFARI NDEFU M INGOJE.

Nilijua kwamba neno la mwisho limeharibika. Amri ya ukutani niliiona vizuri kabisa. Lakini kuomba rudio kwa laini ile kungechukua robo saa, nami nilikuwa na akili zangu. Nikawaza: huyu anasafiri kutoka mbali na anataka wamngoje, I hii ni uchafu wa laini. Nikaikata kwa penseli, nikaiunga M na NGOJE, nikainua simu ya Bagamoyo. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kazi, nililitaja neno kwa uangalifu mkubwa, herufi moja moja: M ya Mwanza, N ya Njombe, G ya Geita, mpaka mwisho. Karani akalirudia, nikamwambia sawa. Nikavaa koti la mvua nikaenda nyumbani.

Nawe, ndugu msomaji, umekwisha kuona. Herufi iliyopotea ilikuwa S. Pigo lake la kwanza lilizama mvuani, likabaki la tatu, na la tatu peke yake ni nafasi tupu. Mtu yule aliandika MSINGOJE.

Baba yake alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Nduguze walimpigia simu Mwanza, alikokuwa akifanya kazi ya kiwandani. Siku hiyo hakukuwa na treni. Angeondoka Ijumaa jioni na kufika Dar es Salaam Jumapili. Kwa hiyo aliwaruhusu wamzike baba yao bila yeye, na nadhani hakuna neno zito kuliko hilo ambalo mwana mkubwa anaweza kulilipia senti zake dirishani. Tarishi alifika Kaole jeneza likiwa limekwisha tolewa msikitini. Akakabidhi karatasi. Mazishi yakasimamishwa.

Waliokulia pwani hawahitaji kuelezwa maana ya kulaza maiti nyumbani, katika joto la pale, kwa usiku mmoja na mchana mzima na usiku mwingine. Wazee walisema labda kijana kapata ndege. Watu walitumwa barabarani kulitazamia kila basi. Jumamosi asubuhi imamu alisema basi, na marehemu akazikwa. Jumapili jioni mwana akafika na kifurushi chake, akawakuta watu wamenyamaza.

Alisema, "Mimi niliandika msingoje." Walimwonyesha karatasi. Ilisema MNGOJE.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini kwetu akiwa na karatasi hiyo mfukoni mwa shati. Hakupaza sauti. Msimamizi wetu alifungua kabati la nakala, akatoa ile ya Alhamisi, na pale palikuwa na M peke yake, nafasi tupu, na I iliyokatwa kwa penseli yangu. Msimamizi alinitazama kwa muda, kisha akamwambia mgeni kwamba barua ya kuomba radhi itaandikwa. Mgeni akajibu kwamba barua ni karatasi, na kwao karatasi imekwisha kusema uongo mara moja. Hapo nikasema nitakwenda mwenyewe.

Ndiyo sababu ya safari ile ya tope. Kabla ya kuondoka nilichukua fomu mpya ya simu, nikachapa maneno yaleyale matatu kama yalivyopaswa kuwa, nikaitia katika bahasha. Kutoka Bagamoyo nilikwenda kwa miguu, kusini, kilomita tano hivi. Nilipiga hodi kwenye nyumba ya makuti niliyoelekezwa. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye mkeka, katika nguo za eda. Mwanawe kakaa upande mwingine wa ua, na wajomba wawili katikati. Nilimwamkia: "Shikamoo, mama." Akanijibu: "Marahaba, mwanangu, karibu." Alidhani nimekuja kutoa rambirambi.

Nilimweleza yote, tangu mvua hata penseli. Kisha nikampa bahasha, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo simu ambayo mwanawe aliipeleka, nami nimechelewa kuileta kwa siku kumi.

Sikujua kwamba anajua kusoma. Nadhani utakumbuka, au wazazi wako watakukumbushia, kwamba mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka ile akina mama wengi wa vijijini walikwenda kisomoni jioni wakiwa na kalamu na daftari zao. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Ile simu ya kwanza alikuwa ameisoma yeye mwenyewe, mbele ya watu, bila ya kusaidiwa. Kwa hiyo mwanawe alipoapa kwamba hakuandika hivyo, mama hakuweza kumwamini. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameona. Tangu Jumapili ile mama na mwana walikuwa wamekaa ua mmoja bila ya kusemezana.

Aliiweka karatasi mapajani, akafuata kwa kidole. "Sa-fa-ri. Nde-fu." Kidole kilisimama kwenye neno la tatu kwa muda mrefu. "M-si-ngo-je." Akarudia, kwa sauti zaidi, ili wajomba wasikie. Kisha akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamwambia aje akae karibu yake. Sitasimulia zaidi ya hapo. Yaliyofuata ni yao.

Mimi aliniuliza jambo moja tu, nilipokuwa nikiaga. Hakuuliza kwa hasira. Alisema, "Uliona kwamba neno halisomeki. Kwa nini hukuuliza?" Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi juu ya mvua na laini mbovu na mapigo matano. Hakuna hata moja lililofaa. Nilimwambia kwamba nilidhani nimeelewa.

Sikufukuzwa kazi. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingine mingi, na vijana waliokuja nyuma yangu waliniona mzee msumbufu, kwa sababu niliomba rudio hata mahali ambapo mtoto angeweza kukisia. Teleprinta zetu zilikwisha kuondolewa zamani. Faksi zilikuja, kompyuta zikaja, na Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, waya wa chini ya bahari ukawa tena mlango wetu wa habari, kama ilivyokuwa mwaka 1890. Simu ya mkononi ya mjukuu wangu hupeleka kwa nukta moja yale ambayo chumba chetu kizima kingeyachapa kwa siku nyingi.

Nilimweleza hayo yote pale kibarazani, akiwa ameshika simu hiyo. Akauliza kama watu wale bado wako Kaole. Tukakodi bajaji tukaenda.

Kaole utaipenda, msomaji. Pana magofu ya misikiti miwili, ambayo mmoja wahenga waliujenga tangu karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe ya matumbawe chini ya mibuyu. Mikoko imeijaza bandari ya kale, na kwa sababu hiyo vyombo vilihamia Bagamoyo. Mama yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwanawe yupo, mzee kama mimi, naye alitupokea kwa madafu. Mjukuu wangu, bila ya kutumwa na mtu, alimuuliza kama karatasi ile bado ipo. Mzee alisema kwamba mama yake aliitunza ndani ya msahafu wake maisha yake yote, na ile nyingine, iliyosema MNGOJE, aliichoma jikoni siku ileile niliyokuja.

Basi, ndugu msomaji, ukienda Bagamoyo usiishie ufukweni. Wapeleke watoto kwenye mlango ule wa nakshi, kisha uwapeleke Kaole. Waambie kwamba ujumbe ni amana ya mtu, na kwamba anayeupitisha mkononi mwake, kwa mguu, kwa utepe au kwa kidole kwenye kioo cha simu, hana ruhusa ya kuuongeza wala kuupunguza. Jambo ambalo hukulisikia vizuri, uliza. Ulilolipokea kutoka kwa asiyejulikana, uliza kabla ya kulirusha kwa wengine. Kuuliza kunagharimu robo saa. Mimi niliiokoa robo saa hiyo, na watu wa Kaole wakailipa kwa siku kumi.

Jioni tulipanda basi la kurudi. Ilianza kunyesha tulipofika Kerege, na lami ikawa inang'aa mbele yetu mpaka mjini.